Homa Isiyoisha, Mtoto Asiyenenepa: Maswali Yenu Kuhusu Kala-azar na Lishe

Tulipoandika kwamba mtoto asiyeongezeka uzito miezi miwili mfululizo apelekwe kituo cha afya, barua zilikuja kutoka Baringo, Pokot Magharibi, Turkana na hata ng'ambo ya mpaka, Uganda. Wengi mnauliza kuhusu kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoletwa na usubi, na mna sababu. Mwaka 2022 karibu robo tatu ya wagonjwa wote wa kala-azar walioripotiwa duniani walikuwa Afrika Mashariki, na nusu yao ni watoto wa chini ya miaka 15. Nilikuwa afisa wa lishe katika wodi za watoto huko Bonde la Ufa mpaka nilipostaafu. Nitajibu kama nilivyokuwa nikiwajibu kina mama kando ya vitanda.

SWALI: Mwanangu ana miaka minne. Tangu kabla ya mvua ana homa inayokuja na kuondoka. Ametibiwa malaria mara mbili, akapewa na dawa ya minyoo. Mikono na miguu imekuwa myembamba, lakini tumbo ni kubwa na upande wa kushoto ni gumu. Kliniki wameandika "lishe duni" wakanipa pakiti za chakula cha njugu. Anakula nusu pakiti, anasema ameshiba. Mama mkwe anasema sijui kulisha mtoto. Ni kosa langu?
*Mama wa watoto watatu, Marigat*

Mama, pole sana. Nianze na la haraka: mtoto huyu apimwe kala-azar wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki. Homa imepita wiki mbili, dawa ya malaria haikusaidia, mtoto anakonda, tumbo limejaa kushoto, na mnakaa Marigat. Hayo yote yakikutana kwa mtoto mmoja, kala-azar ndiyo inayopaswa kuulizwa kwanza.

Huo ugumu chini ya mbavu za kushoto huenda ni wengu, wengine huita bandama. Kwa kawaida wengu wa mtoto umejificha nyuma ya mbavu na vidole haviufikii. Vimelea vya kala-azar huzaana humo, na kwenye ini, na ndani ya uboho wa mifupa, hadi wengu unavimba na kushuka, kwa watoto wengine mpaka kitovuni. Mlaze chali, mkunje magoti, weka kiganja chako bapa upande ule, kisha mwambie avute pumzi. Ukihisi kitu chenye ukingo kikishuka na kugusa vidole vyako, usikibonyeze. Malaria ya mara kwa mara nayo huvimbisha wengu, kwa hiyo mkono wako peke yake hauwezi kukata shauri. Lazima apimwe damu.

Mtoto anaposema ameshiba, mwamini. Wengu uliovimba unabana mfuko wa tumbo, na vijiko vichache tu vinamjaza. Homa nayo inaunguza hicho kidogo alichokula. Damu inapungua kwa sababu wengu unaharibu chembe zake, na uboho uliovamiwa hautengenezi nyingine za kutosha. Mtoto aliyepungukiwa damu hivyo hana hamu ya chakula. Unaweza kumpikia vizuri kila siku na bado akakonda mbele ya macho yako. Pakiti ulizopewa ni chakula kizuri, kila moja ina kalori kama 500, lakini hakuna chakula kinachoua kimelea hiki. Asiyetibiwa kwa dawa zake huishia kufa: Shirika la Afya Duniani linasema ni zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100.

Kwa hiyo waliokuandikia "lishe duni" hawakusema uongo, ila walisema nusu ya habari. Hili limeniuma miaka yote ya kazi yangu. Mtoto anapimwa mkono kwa ule utepe wa rangi, unasoma chini ya sentimita 11.5, wekundu, na kila mtu anatulia kana kwamba sababu imeshapatikana. Utepe unakuambia mtoto amekonda. Haukuambii kwa nini. Katika eneo lenye kala-azar, kila mtoto mwenye utepe mwekundu na homa ya muda mrefu apimwe ugonjwa huu siku hiyo hiyo, na kila mtoto anayelazwa kwa kala-azar afunguliwe faili ya lishe siku hiyo hiyo.

Kipimo ni tone la damu ya kidoleni, kinaitwa rK39, na majibu hupatikana ndani ya nusu saa. Kitaje kwa jina. Kituo cha afya cha Kimalel, hapo jirani na Marigat, kimetibu kala-azar kwa miaka mingi. Lakini jua na hili: huku kwetu Afrika Mashariki kipimo hicho hukosa baadhi ya wagonjwa. Kikisema hapana na wengu bado unakua, usikubali kurudi nyumbani na pakiti tu. Kuna kipimo kingine cha damu, DAT, na kuna kuchukua majimaji ya wengu au ya uboho, kazi inayofanyika hospitali zenye wataalamu. Omba barua ya rufaa.

Beba kitabu cha kliniki. Mwonyeshe mhudumu ule mstari wa uzito, umwambie homa ina siku ngapi na ni dawa zipi za malaria ambazo mtoto ameshakunywa. Nimeona madaktari wakibadilisha mawazo kwa kuutazama mstari huo tu. Na usimshindilie chakula ili "apate nguvu za safari". Mtoto aliyekonda vibaya akijazwa chakula kingi ghafla, moyo unaweza kushindwa. Wodini tunaanza na maziwa maalum ya F-75, kidogo kidogo kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, kisha tunahamia F-100 au pakiti za njugu hamu ikirudi. Kwa siku hizi chache mpe pakiti yake kwa vijiko vichache kila baada ya muda, na maji safi.

Sasa la mama mkwe. Kala-azar huletwa na usubi, yule nzi mdogo wa mchanga, wa milimita mbili tatu, anayeuma kuanzia magharibi mpaka alfajiri na hana mlio kama mbu. Haiji kwa sababu ya uji mwepesi. Lishe ina sehemu yake, kama utakavyosoma katika jibu la mwalimu hapa chini, lakini lishe ya mtoto wakati wa kiangazi haiko mikononi mwa mama peke yake. Ng'ombe wakihamishiwa malisho ya mbali, maziwa huenda nao, na nyumbani hubaki mama, watoto wadogo, unga na majani ya chai. Msomee mama mkwe jibu hili kwa heshima, kisha mwombe awaangalie hao watoto wengine wawili mkiwa hospitalini. Utamhitaji.

SWALI: Ndugu wawili katika shule yangu hulala kwenye ngozi moja. Mdogo, ambaye ni mfupi kuliko wenzake wote darasani, alilazwa Kacheliba kwa kala-azar. Mkubwa alipimwa naye akakutwa na dalili za ugonjwa kwenye damu, lakini hajaugua hata siku moja. Tofauti yao ni bahati au ni chakula? Na uji wa shule unaweza kuzuia kala-azar?
*Mwalimu, Pokot Magharibi*

Mwalimu, umeuliza swali ambalo watafiti wamelifuatilia kwa miongo. Kuumwa na usubi mwenye vimelea ni jambo moja, na kuugua ni jingine. Huko Jacobina, katika jimbo la Bahia nchini Brazili, watafiti waliwafuatilia watoto 86 ambao damu yao ilionyesha kimelea kimeingia lakini walikuwa bado wazima. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986. Watoto 15 waliugua kala-azar kamili baada ya wiki au miezi michache. Wengine 11 walianza na dalili ndogo ndogo, kisha wakaugua kabisa. Waliobaki, 60, ama hawakuona lolote ama walisumbuka kidogo wakapona wenyewe. Waliokuwa na lishe duni ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuangukia upande wa wagonjwa. Kimelea cha Brazili si hiki chetu hasa, ni ndugu yake, lakini vyote viwili huingia wengu na ini kwa njia ileile.

Kwa nini chakula kiwe na uzito huo? Usubi akiuma, vimelea huanzia kwenye ngozi. Kutoka hapo hupita kwenye tezi za limfu, zile za kwapani, shingoni na kinenani. Kwa mtoto aliyeshiba tezi hizo ni kama kizuizi cha polisi barabarani: kila kinachopita husimamishwa na kukaguliwa. Majaribio ya panya wa maabara yalionyesha kwamba mnyama akinyimwa protini, madini ya zinki na chuma, na nguvu ya kutosha kwa pamoja, kizuizi hicho hulegea, na vimelea hufika mapema kwenye wengu na ini. Kwa binadamu tunajua pia kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali tezi ya thaimasi kifuani mwake husinyaa, na hapo ndipo zinapokomaa chembe za kinga zinazohitajika kupigana na kimelea cha aina hii, kinachojificha ndani ya chembe za mwili zenyewe.

Lakini nisikupe jibu jepesi kuliko ukweli ulivyo. Umetaja kimo cha huyo mdogo. Urefu husimulia miaka, uzito husimulia wiki. Kuwa mfupi kwa umri wake kunaonyesha kwamba alipungukiwa muda mrefu, labda tangu tumboni mwa mama, na si ajabu katika kaunti yenu: takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilikuta watoto 34 katika 100 wa chini ya miaka mitano Pokot Magharibi wamedumaa, wakati nchi nzima ni 18. Umaskini uleule unaomnyima yai ndio unaomlaza kwenye nyumba ya ukuta wenye nyufa, bila chandarua, na kumpeleka kuchunga mbuzi na kupumzika juu ya kichuguu ambamo usubi hujificha mchana. Vilevile mdogo ni mdogo, na kinga yake bado ni changa. Huwezi kutenga chakula peke yake ukasema hiki ndicho kilichoamua. Ila miongoni mwa yote hayo, chakula ni kitu ambacho shule inaweza kukigusa kesho asubuhi.

Uji wa shule hautamzuia usubi kuuma. Unaweza kumpa mtoto nafasi bora ya kuwa kama yule kaka mkubwa. Sasa huo uji uwe uji. Unga wa mahindi na sukari na maji ni kujaza tumbo tu. Weka wimbi au mtama, saga na njugu au ndengu, sehemu moja ya jamii ya kunde kwa tatu za nafaka, na sufuria ikiiva mimina mafuta ya kupikia, kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe cha mtoto. Maziwa yakipatikana, yatiwe mwishoni. Kijiko kikisimama wima katikati ya uji, umefika.

Tena, Mwalimu, wewe una jambo ambalo sisi wa hospitali hatuna: unawaona watoto wote kila siku. Omba mhudumu wa afya ya jamii aje na mizani kila muhula, uandike uzito daftarini mbele ya jina la kila mmoja. Anayeshuka, anayesinzia darasani, anayetokwa damu puani mara kwa mara, mwite mzazi. Usisahau kwamba ugonjwa huu huchukua miezi miwili hadi sita, wakati mwingine zaidi, tangu kuumwa hadi dalili. Mtoto aliyehama na mifugo wakati wa kiangazi anaweza kuugua baada ya kurudi shuleni na kila mtu amesahau alikokuwa.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka sita alichomwa sindano siku kumi na saba hospitalini, mbili kila siku, akaruhusiwa. Sasa anaomba chakula kila saa mpaka naogopa. Lakini kimo chake ni cha mtoto wa miaka minne. Atarefuka? Nimpe nini? Na ana vipele vyeupe vidogo usoni.
*Bibi, Loima, Turkana*

Shikamoo Bibi. Usiogope hiyo njaa. Inamaanisha dawa imefanya kazi, wengu unarudi ndani na tumbo lina nafasi. Mpe, na ukimaliza mpe tena. Mtoto anayejenga upya anahitaji milo mitano kwa siku, mitatu mikubwa na miwili midogo, kila mmoja ukiwa na kitu cha kujenga mwili. Mbuzi anayekamwa awe wa huyu mtoto kwanza. Samaki mkavu wa ziwani, uliyemloweka na kuchambua miiba vizuri, ukatwanga na kuchanganya kwenye ugali au maharagwe, ni chakula kizuri sana na kwenu hakiko mbali. Yai likipatikana, hata moja kwa siku. Mafuta ya mbuzi kidogo juu ya kila kitu. Chai ya rangi iwe mbali na chakula, kwa sababu huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na damu yake bado inajengwa. Vidonge vya kuongeza damu uvitumie vile tu ulivyoandikiwa.

Atarefuka, lakini kwa mpangilio wake. Kwanza atanenepa, utaona mashavu ndani ya wiki chache. Kimo hufuata baadaye kwa miezi. Kile alichopoteza kwa ugonjwa huu anaweza kukirudisha kwa kiasi kikubwa akilishwa. Kile alichopoteza kabla hajafikisha miaka miwili ni kigumu zaidi kurudi chote. Mpime kila mwezi, mwandike, na usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mlinganishe na alivyokuwa mwezi uliopita.

Vipele vya usoni vionyeshwe hospitali mliyotoka. Huenda ni kala-azar ya ngozi, ambayo hutokea baada ya matibabu, mara nyingi zaidi kwa wagonjwa wa Sudan lakini kwetu pia ipo. Kwa watoto wengi huisha yenyewe taratibu. Shida ni kwamba usubi akimwuma mtoto mwenye vipele hivyo anaweza kuchukua vimelea na kuvipeleka kwa mwingine, kwa hiyo alale ndani ya chandarua bila kukosa usiku hata mmoja. Usimpake dawa za kuunguza, na tafadhali Bibi, kama kuna mtu anakushauri achanjwe chale tumboni, kataa. Nimeona chale hizo kwa watoto waliofika wodini wamechelewa. Zinaleta vidonda na zinakula siku ambazo mtoto hakuwa nazo.

Rudi naye hospitalini baada ya miezi sita hata akiwa mzima. Kabla ya hapo, uzito ukiacha kupanda, homa ikirudi, au tumbo likianza kujaa kushoto, msingoje. Na mkifika wakitaka kutumia kile kipimo cha kidole tena, waambieni ameshatibiwa. Kipimo hicho hubaki kikisema ndiyo kwa muda mrefu baada ya kupona, hivyo hakiwezi kuonyesha kama ugonjwa umerudi. Atahitaji kuchukuliwa majimaji ya wengu au uboho. Ugonjwa ukirudi zaidi ya mara moja, apimwe virusi vya UKIMWI pia, maana hivyo huuvuta ugonjwa huu urudi.

Najua unakumbuka sindano zile alizolilia. Kuna matibabu mengine yaliyofanyiwa majaribio Afrika Mashariki: siku 14, sindano moja tu kwa siku ya paromomycin pamoja na vidonge vya miltefosine. Vidonge hivyo huchafua tumbo visipomezwa baada ya kula, na kipimo cha mtoto huhesabiwa kwa kuangalia urefu wake pamoja na uzito, kwa sababu watoto waliopewa kwa hesabu ya kilo peke yake walipata dawa pungufu mwilini. Hata kwa dawa, mwili wa mtoto lazima upimwe vizuri.

SWALI: Nimebomoa vichuguu viwili karibu na boma. Dukani wanauza sharubati ya vitamini, wanasema inazuia kala-azar. Ninunue?
*Baba, Amudat, Uganda*

Hapana, baba. Hakuna sharubati inayozuia kala-azar, na bei ya chupa hiyo inanunua mayai ya wiki nzima. Kubomoa vichuguu si vibaya lakini mchwa watajenga tena, na usubi hujificha pia kwenye nyufa za kuta na mashimo ya wanyama. Ziba nyufa kwa udongo, wakataze wavulana kukaa juu ya vichuguu, hasa jua likizama, na pesa ya sharubati iende kwenye chandarua chenye dawa. Utafiti uliofanyika katika nchi ya Wapokot, pande zote mbili za mpaka, ukachapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba wenye chandarua na wanaozijua dalili za ugonjwa walikuwa katika hatari ndogo zaidi. Dalili sasa unazijua. Hospitali ya Amudat hapo kwenu hutibu kala-azar. Mtoto akipata homa ya wiki mbili na anakonda, anzia huko.